Binti wa pili ni zamu ya bibi mzaa mama, lakini jina lake litaandikwa wapi?

MTOTO wa kwanza wa kike akizaliwa katika familia ya Kichagga, jina mara nyingi huwa limemtangulia. Ni la bibi mzaa baba. Hakuna kikao kinachoitishwa wala kura inayopigwa. Hata jirani akiuliza mtoto anaitwa nani, anauliza ili athibitishe tu. Maneno huanza kwa binti wa pili.

Utaratibu wenyewe wanaujua karibu wote waliokulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili huchukua la babu mzaa mama. Kwa wasichana ni hivyo hivyo: wa kwanza ni wa bibi mzaa baba, wa pili ni wa bibi mzaa mama. Wakikuyu wa Kenya nao wana mpangilio huo huo, na kule binti wa pili ukimwuliza jina lake umeshajua mama yake alizaliwa na nani.

Kuusema ni rahisi. Shida ni kwamba binti wa pili huja wakati ambao watu wamelegea. Upande wa baba umeshapata haki yake kwa yule wa kwanza, kwa hiyo hauna haraka. Wazazi nao hawana tena ule woga wa kukosea mila waliokuwa nao wakati wa uzazi wa kwanza. Safari hii wanataka kuchagua wenyewe, na simu zao zimejaa orodha za majina. Ndipo bibi mmoja, mara nyingi asiyepiga kelele, anaposubiri kusikia jina lake na asilisikie.

Nyumba moja ya Soweto

Chukua mfano wa familia ya kawaida katika kata ya Soweto, hapo Manispaa ya Moshi. Baba kwao ni Marangu, mama kwao ni Rombo. Wamepanga nyumba ya vyumba vitatu, wana binti wa miaka minne, na sasa mama amejifungua wa pili, labda Mawenzi, labda KCMC. Kwenye karatasi za wodini mtoto bado anatambulishwa kwa jina la mama yake, na hakuna anayelalamika, kwa sababu siku za kwanza kazi ni kunyonyesha, kulala kidogo na kunywa mtori.

(Soweto yenyewe ni jina lililosafiri. Kule Johannesburg, Afrika Kusini, lilitokana na kufupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini magharibi. Leo hakuna mtoto wa Moshi anayelisikia hivyo; kwake ni mahali anapokaa shangazi, au kituo cha kushukia daladala. Jina likikaa kinywani muda wa kutosha huwa la wenyeji.)

Uzazi wa Kichagga una sifa yake. Mzazi hulishwa kwa miezi mitatu hivi: mtori, maziwa, nyama, kisusio, na kwa wanaoendelea na ya zamani, mlaso. Anayekuja kumhudumia ni mama mkwe, au mama yake mwenyewe kama mambo ya mjini yameruhusu. Hivyo mara nyingi mmoja wa wale mabibi wawili yuko ndani ya nyumba, anakanda mgongo wa mzazi na kumwogesha mtoto, wakati suala la jina likiwa bado halijaamuliwa. Anamwita mtoto kwa majina ya kumbembeleza. Haulizi. Kwa malezi yake, kuuliza kama mtoto amepewa jina lako ni kujipendekeza.

Mama yule wa Rombo anajua mama yake anasubiri. Baba wa Marangu hana ubaya wowote, ila amependa jina alilolisikia kazini. Mjomba anatuma ujumbe kwenye kundi la familia, na shangazi mmoja anajibu kwa picha ya kucheka. Wiki mbili zinapita hivyo.

Nafasi moja tu kwenye cheti

Kabla ya kusema hili ni suala la wazee tu, wazazi wangetazama cheti cha kuzaliwa cha mtoto wao wa kwanza. Kwa kawaida kina majina matatu. La kwanza ni la mtoto. La kati ni la baba yake. La mwisho ni la babu mzaa baba au la ukoo: Lyimo kama ni wa Marangu, Swai kama ni wa Machame, Shirima kama ni wa Rombo. Majina mawili kati ya matatu ni ya upande wa baba kabla mtoto hajafungua macho. Jina la mama limeandikwa chini, kwenye sehemu ya taarifa za wazazi, na hakuna mwalimu atakayemwita mtoto kwa jina hilo.

Kwa hiyo upande wa mama una nafasi moja tu ya kuingia kwenye jina la mtoto, nayo ni lile jina la kwanza. Kwa binti mkubwa nafasi hiyo nayo ilikwenda kwa bibi mzaa baba. Ukifuata mila, binti wa pili ndiye msichana wa kwanza ndani ya nyumba anayebeba kitu cha upande wa mama yake kila anapoitwa. Waliopanga utaratibu huu hawakuwa na vyeti, ila waliona mbali: waligawa majina ili ukoo ulioozesha binti nao uwe na chake kwenye nyumba aliyokwenda.

Kuna jingine linalosahaulika. Mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kama mkubwa ni Haika, mama ni Mama Haika na baba ni Baba Haika, sokoni, kanisani na kwenye kikoba. Mtoto wa pili hampi mtu yeyote jina. Hakuna atakayebadilishwa kuwa Mama fulani kwa ajili yake. Jina lake ni lake peke yake, na kama lina mizizi kwa bibi yake, basi yupo mtu mmoja duniani anayefungamana naye kwa namna ambayo dada yake hana.

Ndani ya nyumba za Kichagga hilo linaonekana kwa masikio. Baba humwita binti wa kwanza "mama", kwa sababu amebeba jina la mama yake mzazi. Mama humwita wa pili "mama" kwa sababu hiyo hiyo. Watoto wawili wanaogombania kijiko, wote ni mama, kila mmoja kwa mzazi wake. Mgeni kutoka mkoa mwingine huchukua muda kuelewa nani anaagizwa chumvi.

Jina linalohama ukoo

Jina la ukoo linakaa mahali pamoja. Lyimo hubaki Lyimo, kwenye kihamba kile kile, babu hadi mjukuu. Jina la mwanamke linatembea.

Fikiria bibi aliyezaliwa Rombo mwaka 1955, naye akiwa binti wa pili kwao. Maana yake jina lake alilipata kwa bibi mzaa mama yake, mwanamke aliyezaliwa miaka ya 1900 na kitu, wakati wa Wajerumani. Bibi huyu wa 1955 naye akazaa binti, binti akaolewa Marangu, na sasa yupo Soweto ananyonyesha mtoto wake wa kike wa pili. Jina likimfikia mtoto huyu litakuwa limepita karne nzima na zaidi kwa wabebaji watatu tu. Na kwa kuwa Mchagga haoi ndani ya ukoo wake, huenda wanawake hao watatu wamezaliwa kwenye koo tatu tofauti. Hakuna cheti wala orodha ya ukoo inayowaweka pamoja. Kinachowaunganisha ni lile jina.

Ndiyo maana likirukwa mara moja, aghalabu halirudi. Ukoo ukikosa mtoto wa kiume kwenye nyumba moja, zipo nyumba nyingine za kina baba wadogo. Jina la bibi mzaa mama lina mlango mwembamba zaidi: mabinti zake, na watoto wa kike wa pili wa mabinti hao. Bibi mwenye binti mmoja tu ana nafasi moja, pengine ndiyo hii.

Kwa upande wa ardhi, mila ya Kichagga ilimpa kihamba mtoto wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, ingawa kila familia inajua mazungumzo yake ya ndani yamefikia wapi. Jina, hata hivyo, ni urithi ambao msichana hakuwahi kunyimwa. Mabibi wa mlimani waliokaa mashambani mwa waume zao maisha yao yote bila hati yoyote walikuwa na hicho kimoja cha kuacha.

Apolonia, Haikaeli na Hazel

Sasa tuje kwenye ugumu halisi, maana wazazi wengi hawana tatizo na bibi. Wana tatizo na jina.

Majina ya mabibi wa Kilimanjaro yamegawanyika kwa njia inayoweza kukuambia kanisa la familia. Wamisionari Wakatoliki walifika mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakaweka misheni Kilema na Kibosho, na ubatizo ukaja na watakatifu. Hadi leo Rombo, Kibosho na Kilema zimejaa mabibi wanaoitwa Apolonia, Perpetua, Filomena, Leokadia, Skolastika, Anastazia. Walutheri wa misheni ya Leipzig walianza Machame mwaka 1893, na upande wao yakashamiri majina yaliyochanganya lugha ya mlimani na neno "Eli", linalotokana na neno la Kiebrania lenye maana ya Mungu: Aikaeli, Haikaeli, Elinami, Anaeli. "Aika" ni asante. Kwa Wamachame hutamkwa "haika". Ukimpa mtoto jina la Aikaeli umesema ahsante Mungu kwa neno moja, na ukitaka jina la Mungu liwe la Kichagga kabisa, lipo neno "Ruwa", ndipo wanapatikana kina Aikaruwa.

Kizazi kilichofuata kilitaka Kiswahili na Kiingereza: Neema, Upendo, Happiness, Glory, Witness, Lightness. Watu wa mikoa mingine walicheka, na wengine bado wanacheka, lakini ukiyatazama vizuri majina haya yanafanya kazi ile ile ya Elinami na Haikaeli. Ni sala fupi, zimebadilishwa lugha tu. Leo zamu ni ya Hazel, Gianna, Briella na Ivanna, na hapa ndipo mtu anaweza kuuliza kama bado kuna sala ndani yake au ni sauti nzuri tu. Sauti nzuri si dhambi. Ila darasa moja la awali likiwa na Briella wanne, ule upekee uliotafutwa umeshakwisha, wakati Leokadia angekuwa peke yake shuleni.

Hofu ya wazazi ni kuchekwa kwa mtoto. Ni hofu ya kweli. Watoto wanaweza kuwa wakali, na jina refu huwapa kazi. Lakini majina ya mabibi yana milango ya nyuma. Filomena anakuwa Mena, jina ambalo mtu angedhani limechaguliwa jana. Anastazia anakuwa Stazia. Haikaeli anakuwa Haika, na Haika limesharudi kwa nguvu, vijana wanalipenda. Aikaruwa anabaki Aika. Mtoto ataitwa kifupi uwanjani, na jina zima litakaa kwenye cheti likimsubiri akue. Watu wengi hulipenda jina la bibi yao wakiwa na miaka 25, si wakiwa na saba.

Kuna wanaotatua kwa kutafsiri. Bibi ni Haikaeli, mtoto anaitwa Shukuru. Ni njia yenye heshima, na bibi mwenye kujua maana ya jina lake hufurahi. Wengine huweka mawili mwanzoni, Hazel Apolonia, halafu la baba na la ukoo. Hii inahitaji uangalifu: majina manne ni mengi kwa fomu nyingi za nchi hii, na shule au ofisi ikilazimika kupunguza, mara nyingi linalokatwa ni lile la pili. Bibi ndiye anayeondoka.

Njia inayopendwa zaidi ni kumpa mtoto jina la bibi kama "jina la nyumbani". Cheti kinasema Gianna, ukweni wanamwita Apolonia, kila mtu ameridhika. Inaonekana ni suluhu nzuri, na kwa miaka michache ni nzuri kweli. Lakini jina la nyumbani huishi kadiri wanaolitamka wanavyoishi. Bibi akifariki, mjomba akahamia Mwanza, mtoto akaenda bweni, nani anamwita Apolonia? Akifika umri wa kuzaa wajukuu wake watapewa jina lililo kwenye kitambulisho, yaani Gianna. Ile safari ya karne moja itakuwa imeishia kwenye hadithi ya mezani. Mzazi anayetaka jina lidumu hana budi kuliandika.

"Wa kike tena?"

Lipo swali ambalo mama wa binti wa pili huulizwa kabla hata kidonda hakijapona. Wapo wanaouliza kwa utani, wapo wasiotania. Nyumba iliyokuwa ikingoja mtoto wa kiume huweza kupokea binti wa pili kwa ukimya ambao mama anausikia vizuri sana.

Ukimya huo unaweza kuingia kwenye jina. Kote Afrika Mashariki kuna watu walioitwa kwa majina ya masikitiko, matatizo au subira ya wazazi wao, wakayabeba mpaka uzeeni wakieleza jambo ambalo hawakulifanya. Jina la jumla jumla, lililotafutwa dakika ya mwisho kwa sababu lile la kiume lililoandaliwa halikutumika, nalo lina habari zake. Binti atakuja kuuliza. Watoto wote huuliza: kwa nini mimi naitwa hivi? Mkubwa atajibiwa kwamba yeye ni bibi wa Marangu. Wa pili naye atataka jibu lenye mtu ndani yake.

Katika nyumba ya namna hiyo mila inamsaidia mama. Akisema mtoto huyu ni wa mama yangu, amemhamisha binti kutoka kwenye hesabu ya "tumekosa wa kiume" kwenda kwenye hesabu ya "zamu imefika". Hata mama mkwe mwenye maneno hulazimika kukubali hoja hiyo, kwa kuwa yeye mwenyewe alifaidika nayo mara ya kwanza.

Hesabu inapovurugika

Si kila familia inaingia kwenye utaratibu huu vizuri. Mabibi wote wawili wanaweza kuwa Anna au Maria, na hapo wa pili huchukua jina la Kichagga la bibi, kama analo. Mama anaweza kuwa Msukuma au mtu wa Tanga, na kwao huenda hakuna hesabu kama hii. Kwa Wasukuma utaratibu unaojulikana zaidi ni wa mapacha, Kulwa na Doto, ambapo jina linaeleza nani alitangulia. Bibi wa Tanga anaweza kushangaa sana kupigiwa simu na mkwe wa Moshi akiombwa jina lake. Akishangaa kwa furaha, hakuna kilichoharibika.

Wapo waliolelewa na mama mdogo au shangazi kwa sababu mama mzazi alifariki au aliondoka. Jina liende kwa nani? Wazee wengi watasema kwa aliyezaa. Mwenye kujua nani aliamka usiku kumpa dawa ana haki ya kusema vingine, ila aseme mapema na kwa sauti, asiwaachie watu wakisie. Binti aliyezalia nyumbani kwao, bila mahari wala ukwe, mara nyingi humpa mtoto jina la upande wake moja kwa moja, na akija kuolewa baadaye hesabu huanza upya na kuleta mabishano ya "huyu ni wa kwanza au wa pili?"

Halafu kuna bibi mwenye wajukuu wengi. Ana mabinti watano, wanne wameshampa jina. Krismasi watu wakipanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mombasa, mtu akiita "Haika!" pale kihambani wanageuka wanne na bibi mwenyewe wa tano. Wakapewa vyeo: Haika mkubwa, Haika wa Dar, Haika mweupe. Mama wa tano ana haki ya kuuliza kama bibi anahitaji tena. Jibu analo bibi, na linaweza kuwa la kushangaza upande wowote.

Na ikitokea jina limeshatolewa bila yeye, na mzee amenuna, mlimani kuna njia ya kurudi. Isale bado linaheshimiwa. Anayekwenda na jani hilo kuomba radhi, na mbege kidogo, ni vigumu kufungiwa mlango. Wapo watoto walioongezewa jina namna hiyo wakiwa wameshaanza kutembea.

Kabla ya kujaza fomu

Kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90. Hospitali hutoa tangazo la kizazi, na kwa hilo mzazi hufuata cheti chini ya RITA. Siku 90 zinalingana karibu kabisa na ile miezi mitatu ya uzazi, kwa hiyo muda wa kuzungumza upo. Familia nyingi huumaliza kwa kunyamaziana, halafu baba anakwenda siku za mwisho na jina lililo kichwani mwake.

Tangu siku hiyo jina linakuwa na uzito mwingine. Cheti kitaombwa wakati wa kuandikishwa shule, kwenye bima ya afya, kwenye kitambulisho cha taifa, kwenye maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Mtoto aliyeandikwa Haikael kwenye cheti, Aikaeli kwenye ubatizo na Haika shuleni atakuja kuapa mbele ya wakili kwamba watu hao watatu ni mmoja, na atalipia kiapo hicho. Kimachame, Kivunjo na Kirombo havitamki sawa, na karani wa mjini huandika anachosikia. Herufi moja ya mwanzo, H ipo au haipo, iamuliwe nyumbani.

Aulizwe pia bibi mwenyewe, na aulizwe jina gani. Wengi wana mawili: la ubatizo, ambalo kila mtu analijua, na la Kichagga alilopewa na watu wake kabla ya maji kumgusa. La pili hilo mara nyingi wajukuu hawajawahi kulisikia. Pengine ni moja ya yale marefu yanayoanza na Nde-, ambayo hayapo kwenye orodha yoyote ya simu. Pengine atasema hapana, msimpe, jina hili limenitesa, mpeni la mama yangu. Pengine atasema mpeni mnalotaka, halafu anyamaze, na hapo ni juu ya binti yake kujua kama hapana hiyo ni hapana.

Akikubali, aombwe aliandike mwenyewe kwenye karatasi, kwa mkono wake na kwa herufi anazozijua yeye. Baba aende nayo dirishani.